Namna ya Kumpima Kocha Mpya: Mwongozo kwa Shabiki wa Simba na Yanga

Siku klabu inapomtangaza kocha mpya, shabiki huamka na moyo mwepesi. Picha ya mgeni akiwa ameshika jezi husambaa kwenye simu, vijiwe vya kahawa hujaa, na ghafla kila mtu anajua alikofundisha, alichoshinda na mfumo anaoupenda. Sioni kosa katika furaha hiyo. Kinachonisumbua ni kwamba matumaini yenyewe hayafungwi kwenye jambo lolote mahususi, hivyo wiki sita baadaye mtu yule yule aliyeitwa mkombozi huitwa tapeli, na hakuna anayeweza kueleza ni kipi hasa alichoshindwa kukifanya, kwa sababu hakuna aliyesema mapema alitakiwa afanye nini.

Kati ya Desemba 2019 na Julai 2024 Simba iliajiri makocha wakuu saba kutoka nje ya nchi: Sven Vandenbroeck, Didier Gomes Da Rosa, Pablo Franco Martín, Zoran Maki, Roberto Oliveira maarufu kama Robertinho, Abdelhak Benchikha na Fadlu Davids. Yanga nayo, ambayo kwa miaka kadhaa ilionekana imetulia, iliajiri makocha wanne kati ya Novemba 2024 na Oktoba 2025: Sead Ramović, Miloud Hamdi, Romain Folz na Pedro Gonçalves. Kumpokea kocha mpya, basi, ni jambo linalomrudia shabiki wa klabu hizi karibu kila msimu, na jambo linalojirudia hivyo linastahili kuwa na utaratibu.

Utaratibu ninaoupendekeza una msingi mmoja, nao ni kwamba kocha apimwe kwa kile alichopewa: muda, wachezaji, wasaidizi na madaraka. Yote yanayofuata ni namna ya kukijua hicho alichopewa, na namna ya kuyatazama matokeo yake ukiwa unakijua.

Anza kwa kuandika

Chukua daftari, au ukurasa wa kumbukumbu kwenye simu, kabla timu haijacheza mchezo wake wa kwanza wa mashindano chini ya kocha huyo. Juu kabisa andika tarehe aliyotangazwa, tarehe aliyoanza mazoezi na wachezaji, na tarehe ya mchezo wa kwanza, kisha hesabu siku zilizo katikati. Hesabu hii ndogo husahaulika kuliko zote, nayo ndiyo inayomtofautisha kocha aliyefika Julai, akaenda na timu kambini na kupata wiki kadhaa za kujenga pumzi na kufundisha mfumo, na kocha aliyeletwa Novemba akakuta mechi kila baada ya siku tatu au nne, safari ya ndege katikati yake, na wachezaji wanaoingia mazoezini kupumzisha miguu badala ya kujifunza. Huyu wa pili hafundishi bado. Anapanga kikosi tu, na ni haki apimwe kama mpanga kikosi hadi ratiba itakapompa nafasi ya kufanya kazi.

Chini ya tarehe hizo, yagawe matarajio yako katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni mambo anayoweza kuyarekebisha ndani ya wiki chache kwa wachezaji wale wale, kama vile nani acheze wapi, mabeki wasimame umbali gani kutoka kwa viungo, na kona zikabwe namna gani. Fungu la pili ni mambo yanayohitaji miezi: timu nzima kukabia juu, yaani kumbana mpinzani karibu na goli lake, kwa wakati mmoja, kujenga mashambulizi kuanzia kwa kipa bila woga, kuwa na pumzi ile ile dakika ya themanini kama ya kumi. Fungu la tatu ni yale yasiyo mikononi mwake kabisa, yaani umri wa kikosi, fedha za usajili, mishahara, ratiba. Nilipofanya zoezi hili kwa mara ya kwanza niligundua kwamba zaidi ya nusu ya madai yangu kwa kocha yalikuwa ya fungu la tatu, na kwamba nilipaswa kuyapeleka kwa viongozi wa klabu.

Soma alikotoka kwa undani kuliko idadi ya makombe

Wasifu wa kocha husomwa vibaya sana mitaani. Watu huhesabu makombe na kutaja majina ya klabu kubwa aliyopita, hata kama alipita kama msaidizi wa tatu. Swali lenye manufaa zaidi ni la aina ya timu alizozifundisha na kazi aliyotakiwa kuifanya nazo. Robertinho alipokuja Simba Januari 2023 alikuwa ametoka kuifikisha Vipers ya Uganda hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika kwa kuiondoa TP Mazembe, na kwa timu yenye uwezo wa Vipers hilo lilikuwa jambo kubwa linaloonyesha mtu anayejua kuipanga timu mbele ya mpinzani mwenye nguvu. Lakini kazi ya kila wiki ya kocha wa Simba au Yanga kwenye Ligi Kuu ni kinyume chake, kwani anakutana na timu iliyorudisha watu kumi nyuma, kwenye uwanja ambao pengine nyasi zake haziruhusu pasi ya haraka, na anadaiwa ushindi. Muulizie basi kocha wako mpya kama amewahi kufundisha timu inayolazimika kuufungua ukuta. Kama hajawahi, si sababu ya kumkataa, ila ujue kwamba hilo ndilo atakalojifunzia kwenu.

Tazama pia alikaa muda gani kila alikopita na aliondokaje, kama amewahi kusafiri na timu katika mashindano ya Afrika, na kama anakuja na watu wake. Jina la kocha wa viungo, yaani anayesimamia mazoezi ya mwili, husomwa kwa haraka mwishoni mwa taarifa ya klabu, ilhali mimi huanza nalo, kwa kuwa misuli inayochanika Oktoba mara nyingi huwa na historia ya maandalizi ya Julai. Leseni nayo iangaliwe, maana CAF, Shirikisho la Soka Afrika, huweka kiwango cha leseni kwa kocha mkuu anayekaa benchi katika mashindano yake, na klabu isiyolihakiki hilo mapema huishia kutafuta mtu mwingine wa kukaa kwenye kiti.

Hesabu alichokikuta na alicholetewa

Hapa ndipo penye uzito wa jambo lote, na mfano mzuri kuliko yote ninaoujua ni wa Nasreddine Nabi.

Nabi aliajiriwa na Yanga Aprili 2021, msimu ukiwa unaelekea mwisho, akakuta kikosi ambacho hakukichagua. Julai 3 mwaka huo aliifunga Simba 1-0 kwa bao la Zawadi Mauya, na Wananchi, yaani mashabiki wa Yanga, wakaona wamepata mtu. Wiki tatu baadaye alipoteza fainali ya Kombe la Shirikisho la hapa nchini, mjini Kigoma, mbele ya Simba hiyo hiyo, kwa bao moja la Taddeo Lwanga, na msimu ukaisha bila kombe. Septemba, Yanga ikaondolewa na Rivers United ya Nigeria katika hatua ya awali ya Ligi ya Mabingwa, ikifungwa 1-0 nyumbani na 1-0 ugenini. Kwa vipimo vya vijiweni, kocha huyo alikuwa amekwisha.

Sasa fungua daftari lenye mafungu matatu uone. Kati ya Aprili na Septemba jambo kubwa lilikuwa limebadilika, nalo ni kikosi. Katika dirisha kubwa la usajili la 2021 waliingia kipa Djigui Diarra, beki Djuma Shaban, Yannick Bangala aliyeweza kucheza beki na kiungo, kiungo mkabaji Khalid Aucho, winga Jesus Moloko na mshambuliaji Fiston Mayele. Wengi wao ni wachezaji wa mstari mzima wa katikati ya uwanja, kutoka golini hadi mbele, na mstari mzima ukibadilika kwa mkupuo hauzoeani kwa wiki tatu. Mechi dhidi ya Rivers United zilikuja kabla hawajafahamiana. Uongozi haukumfukuza. Mwisho wa Septemba timu ikatwaa Ngao ya Jamii, kombe la kufungua msimu, kwa bao la Mayele dhidi ya Simba, kisha ikamaliza ligi ya 2021/22 bila kupoteza mchezo hata mmoja, ikiuvunja utawala wa Simba wa misimu minne mfululizo. Msimu uliofuata ikatetea ubingwa na kufika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, ambako ilifungwa 2-1 Dar es Salaam na USM Alger, ikashinda 1-0 Algiers, na kombe likaenda kwa Waalgeria kwa mabao ya ugenini.

Ninachotaka ukichukue hapa ni swali la kuuliza, kwa sababu subira peke yake haitoshi na wapo makocha waliopewa muda wakautumia vibaya. Uliza: wachezaji walioletwa wanaendana na namna anayotaka kucheza? Anayetaka mabeki wa pembeni wapande hadi karibu na kibendera cha kona anahitaji kiungo mkabaji mwenye uwezo wa kuziba nafasi wanazoziacha. Yanga walimpata Aucho. Anayetaka kukabia juu anahitaji mabeki wa kati wenye mbio, maana nyuma yao panabaki uwanja mtupu. Chora kikosi chako cha kwanza kwenye karatasi, weka alama kwenye nafasi ambayo mchezaji wake haendani na mfumo, na kama alama zimezidi tatu, punguza madai yako hadi dirisha linalofuata.

Kisha uliza nani amesajili. Katika klabu zetu kocha mara nyingi hufika wachezaji wakiwa wameshasaini, na wakati mwingine hupokea orodha ambayo hakuona hata jina moja lake mapema. Akihojiwa, kocha mwenye hekima hatalisema hilo waziwazi, kwa hiyo angalia matendo: mchezaji aliyesajiliwa kwa mbwembwe akikaa jukwaani mechi tano mfululizo akiwa mzima wa afya, kuna uwezekano mkubwa kwamba aliyemtaka hakuwa kocha.

Ratiba, na hatari ya mechi mbili za awali

Ligi Kuu ina timu 16 na michezo 30, na humo kila kosa lina nafasi ya kusahihishwa. Hatua za awali za mashindano ya CAF hazina huruma hiyo, kwani huchezwa msimu ukiwa mchanga, kwa mechi mbili tu, na zimeondoka na makocha wengi. Gomes Da Rosa alikuwa ameipa Simba ubingwa wa 2020/21 na kuifikisha robo fainali ya Ligi ya Mabingwa, akiifunga Al Ahly 1-0 njiani, lakini Oktoba 2021 Simba ilipofungwa 3-1 nyumbani na Jwaneng Galaxy ya Botswana, baada ya kushinda 2-0 ugenini, safari yake ikaishia hapo. Folz aliondolewa Yanga Oktoba 2025 mara tu baada ya kufungwa 1-0 na Silver Strikers nchini Malawi, akiwa na miezi mitatu tu kazini na Ngao ya Jamii mkononi, na mchezo wa marudiano ukawa bado haujachezwa. Yanga ilishinda marudiano hayo 2-0 na kusonga mbele.

Sisemi kwamba maamuzi yote mawili yalikuwa mabaya. Klabu huona mazoezini mambo ambayo sisi hatuyaoni. Ninachomshauri shabiki ni kuziwekea alama mechi hizi kwenye kalenda mapema, aandike kando yake timu itakuwa imekaa pamoja kwa siku ngapi, na siku ya matokeo aisome hesabu hiyo kabla ya kuandika neno lolote kuhusu kocha.

Unavyoutazama mchezo wenyewe

Katika mechi nne au tano za kwanza, matokeo ndiyo ushahidi dhaifu kuliko wote. Kuna sababu ya kihesabu. Klabu humfukuza kocha pale mambo yanapokuwa yameshuka kabisa, na katika kushuka kwa timu nzuri karibu kila mara kuna sehemu ya bahati mbaya, kama penalti iliyopaa, mipira miwili iliyogonga mwamba, au majeruhi wa wakati mmoja. Bahati mbaya ya namna hiyo huisha yenyewe hata benchi lingebaki vile vile. Kocha anayefuata huikuta timu ikiwa tayari inapanda, anashinda mechi tatu, na sisi tunampa sifa ambayo nyingine si yake, kisha tunamdai aendelee kwa kasi hiyo.

Kwa hiyo elekeza macho kwenye vitu ambavyo bahati haivifikii kwa urahisi. Timu ikipoteza mpira, wachezaji watatu wa karibu wanafanya nini ndani ya sekunde tano? Wakikimbilia mpira kwa pamoja, mazoezi yanaonekana. Mmoja akikimbia na wawili wakisimama, bado. Angalia umbali kati ya mabeki na viungo wakati mpinzani anashambulia, kwa sababu nafasi kubwa hapo ndiyo inayozaa mashuti ya mita ishirini yanayomlaumisha kipa bure. Angalia kama kona za timu yako zina mpango unaojirudia. Angalia mabadiliko ya dakika ya sitini: yameubadilisha mchezo au yamebadilisha majina tu? Na kama unakwenda uwanjani, iwe kwa Mkapa au kwingineko, kaa juu kidogo angalau mara moja, kwa kuwa kamera ya televisheni huufuata mpira na kuificha kazi kubwa ya kocha, ambayo hufanyika mbali na mpira. Andika mistari mitatu kila baada ya mchezo. Baada ya mechi kumi utakuwa na ushahidi wa mistari thelathini, na watu wengi wanaopaza sauti hawatakuwa nao.

Dabi

Hakuna mchezo unaopotosha hukumu kama wa watani wa jadi. Tarehe 5 Novemba 2023 Yanga ya Miguel Gamondi iliifunga Simba 5-1, na ndani ya siku chache Robertinho akawa ameondoka, ingawa alikuwa hajapoteza mchezo wa ligi msimu huo kabla ya siku ile, na miezi michache nyuma alikuwa ameipeleka Simba hadi mikwaju ya penalti dhidi ya Wydad Casablanca katika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa. Mwaka mmoja baadaye Gamondi mwenyewe, pamoja na mabao yale matano na ubingwa wa 2023/24, aliondolewa baada ya vichapo viwili mfululizo vya ligi kutoka kwa Azam na Tabora United.

Fadlu Davids alifungwa na Yanga mara tatu katika msimu wake wa kwanza, kwenye Ngao ya Jamii na mara mbili kwenye ligi, na ligi akaimaliza wa pili. Msimu huo huo, akiwa na kikosi kilichofumuliwa na kusukwa upya baada ya Simba kumaliza nafasi ya tatu, aliifikisha fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika dhidi ya RS Berkane. Shabiki aliyempima kwa dabi alimwona ameshindwa. Aliyempima kwa kikosi alichopewa aliona kazi kubwa. Mimi nilikuwa miongoni mwa hao wa pili, na bado naamini hivyo. Dabi ihesabiwe kwa pointi zake tatu, halafu uulize timu ilifungwaje: kwa kosa la mtu mmoja, kama bao la kujifunga, au kwa kuzidiwa kila eneo la uwanja kwa dakika tisini? La pili linaingia kwenye daftari la kocha kwa wino mzito.

Mizani iwe moja kwa mgeni na mzawa

Jambo hili linaniuma. Septemba 2022, baada ya Maki kuondoka, Juma Mgunda alichukua timu kwa dharura, akaiondoa Nyasa Big Bullets ya Malawi kwa ushindi wa nyumbani na ugenini, akafanya vivyo hivyo kwa Primeiro de Agosto ya Angola, na Simba ikaingia makundi ya Ligi ya Mabingwa. Hakuwa na kambi, hakusajili, hakupewa siku za kujiandaa. Tungemwandikia mgeni mambo hayo kwa herufi kubwa. Kwa Mgunda, wengi walikuwa wakisubiri kwa hamu atajwe kocha mwingine. Ukijaza daftari lako, jaribu kufunika jina na uraia wa kocha kwa kiganja, usome siku alizopewa, wachezaji aliowakuta na matokeo aliyoyapata, ndipo uondoe mkono. Na unapomkosoa, mgeni au mzawa, mkosoe kwa kazi yake. Familia yake, rangi yake na nchi yake havichezi mpira.

Wakati wa kutoa hukumu

Nimejiwekea vituo vitatu: baada ya mechi kumi za ligi, baada ya dirisha dogo la usajili la katikati ya msimu kufungwa, na mwisho wa msimu. Katika kituo cha kwanza nauliza fungu la kwanza tu. Kama baada ya mechi kumi timu bado inafungwa bao lile lile, kwa mfano krosi ya kushoto inayomkuta mtu peke yake nguzo ya mbali, nina haki ya kupoteza imani, na sihitaji kungoja miaka. Wapo wanaotaja kila mara kwamba Alex Ferguson aliajiriwa Manchester United Novemba 1986 na kombe lake la kwanza likaja 1990. Ni kweli, lakini huko klabu iliona kazi ikifanyika chini, kwa vijana na kwa utaratibu wa mazoezi, wakati matokeo yakiwa bado mabaya. Na Arne Slot alichukua ubingwa wa Uingereza na Liverpool katika msimu wake wa kwanza, 2024/25, kwa sababu pamoja na ubora wake alikabidhiwa kikosi kilichokwisha kujengwa. Mifano yote miwili inarudi pale pale, kwamba kwanza ujue amepewa nini.

Kituo cha pili ndicho cha fungu la pili, na pia ndicho cha kuwauliza viongozi. Mkutano wa wanachama ukifika, au kikao cha tawi, nenda na ukurasa wako uulize kwa adabu na kwa tarehe: kocha alipewa siku ngapi za maandalizi, ni wachezaji wangapi kati ya waliosajiliwa aliowataka yeye, na ni lengo gani lililoandikwa kwenye mkataba wake. Wakikujibu, yaandike majibu pembeni ya matarajio yako. Akiondoka kabla ya kituo cha tatu, usiuchane ukurasa huo, kwa sababu maswali hayo matatu ndiyo ya kwanza utakayoyauliza siku atakapotangazwa mwingine.